Je, Uhakiki wa Filamu Ulimpotezea James Agee Muda?

Tarehe 16 Mei 1955 mwandishi mmoja Mmarekani mwenye umri wa miaka 45 alifariki kwa mshtuko wa moyo ndani ya teksi jijini New York, akiwa njiani kwenda kwa daktari. Jina lake James Agee. Vitabu alivyokuwa amechapisha vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: diwani ya mashairi, kitabu kinene kuhusu wakulima maskini wa pamba ambacho kilidoda madukani, na riwaya fupi. Kazi yake nyingine ilikuwa imetapakaa kwenye majarida: mamia ya tahakiki za filamu, nyingi hazina hata jina lake. Aliacha pia skripti za filamu, na rundo la karatasi za riwaya aliyoihangaikia kwa miaka bila kuimaliza.

Riwaya hiyo, A Death in the Family, ilichapishwa mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Pulitzer. Hapo ubishi ukaanza. Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba mtu mwenye uwezo wa kuandika riwaya kama ile alijidhulumu kwa kutumia miaka yake bora kwenye viti vya sinema, akitoa maoni kuhusu filamu ambazo nyingi leo hazikumbukwi na mtu. Wengine wakaligeuza jambo: kwao Agee ni mhakiki kwanza, mmoja wa walioufanya uhakiki wa filamu nchini Marekani uheshimike kama fasihi, na riwaya ni nyongeza tu. Mimi naona pande zote mbili zimemgawa mtu asiyegawanyika. Alichofanya kwenye tahakiki na alichofanya kwenye hadithi ni kazi moja: kuwatazama watu kwa makini mpaka uone haya kusema uongo juu yao.

Kinacholitatiza jambo hili ni kwamba karibu kila kazi ya Agee ilipita mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia. Kulikuwa na wahariri wa jarida la Time, kulikuwa na waongozaji wa filamu, na baada ya kifo kulikuwa na marafiki na maprofesa waliopanga karatasi zake. Huwezi kuamua kama uhakiki ulimla bila kwanza kujua kipi ni chake hasa.

Alizaliwa mwaka 1909 huko Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Ukoo wa baba ulikuwa wa watu wa milimani. Mama alitoka nyumba ya watu waliosoma, naye alikuwa mshika dini kwelikweli. Tarehe 18 Mei 1916 baba alifariki katika ajali ya gari. James alikuwa na miaka sita. Baadaye alipelekwa shule ya kanisa, Saint Andrew's, na huko akakutana na padri wa Kianglikana, James Harold Flye, ambaye alikuwa rafiki yake mpaka mwisho. Barua alizomwandikia padri huyo kwa miaka 30 zilikuja kuwa kitabu mwaka 1962, na ndani yake unamsikia mtu anayejilaumu kila mara kwamba hafanyi kazi aliyoumbiwa. Nadhani barua hizo ndizo zilizowapa wengi wazo la kipaji kilichopotea. Lakini mtu anapojilaumu kwa rafiki yake usiku wa manane hatoi ushahidi mahakamani. Tazama alichoandika mchana.

Tangu akiwa kijana wa shule ya bweni alikuwa akimwandikia Dwight Macdonald, kijana mwenzake ambaye baadaye alikuwa mhakiki mashuhuri, barua kuhusu sinema, wakati ambapo kwa wasomi wengi sinema ilikuwa burudani ya mitaani. Alipofika Harvard alihariri jarida la wanafunzi na kutoa toleo la kuigiza kwa mzaha namna Time lilivyoandikwa. Mwaka 1932, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, alipata kazi Fortune, jarida la matajiri wa biashara lililomilikiwa na kampuni ileile ya Time, ofisi zake zikiwa kwenye jengo refu la Chrysler. Mwaka 1937 alichapisha mswada wa filamu uitwao The House ambao haukuwahi kupigwa. Hilo lilitokea miaka minne kabla hajapewa safu ya filamu. Kwa hiyo anayesema sinema ilimvuta Agee nje ya fasihi amekosea hata tarehe, kwa sababu kwake vitu hivyo viwili vilianza pamoja.

Mwaka 1936 Fortune lilimtuma Alabama pamoja na mpigapicha Walker Evans kuandika habari za wakulima waliolima pamba kwenye mashamba ya wengine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Walikaa na familia tatu. Makala aliyoandika jarida halikuichapa. Agee akaendelea kuandika kwa miaka, na mwaka 1941 kikatoka kitabu, Let Us Now Praise Famous Men, kilichouza nakala zipatazo 600 tu. Humo anatumia kurasa na kurasa kueleza taa ya mafuta, ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapauka, mbao za ukuta, vitu vilivyomo ndani ya droo. Anasema wazi kwamba kama ingewezekana asingeandika neno. Angeweka picha, vipande vya nguo, pamba, mabonge ya udongo, na sauti za watu zilizorekodiwa. Kitabu kizima kinaionea kamera wivu. Ukikisoma, humshangai mwandishi wake alipokwenda kukaa mbele ya pazia la sinema kila wiki.

Meza mbili, sauti mbili

Kuanzia 1941 mpaka 1948 Agee alihakiki filamu katika Time. Kuanzia Desemba 1942 mpaka 1948 alikuwa pia na safu yake katika The Nation. Watu huzichanganya kazi hizi mbili, na zilikuwa tofauti kabisa.

Time lilikuwa gazeti la wiki lenye wasomaji wengi sana. Makala zake hazikuwa na jina la mwandishi, na mhariri alikuwa na ruhusa ya kukata, kuongeza na kugeuza mpaka gazeti zima lisikike kama limeandikwa na mtu mmoja. The Nation lilikuwa jarida dogo la siasa za mrengo wa kushoto, malipo yake haba, lakini jina la mwandishi lilikuwepo na aliachiwa aseme alivyotaka. Mara kadhaa filamu ileile aliiandikia kotekote. Ukizisoma pamoja, ile ya Time imenyooka, ina utani, inamweleza msomaji kisa na waigizaji. Ile ya The Nation inabishana na nafsi yake. Mwaka 1958 tahakiki zake zilikusanywa katika kitabu Agee on Film, meza zote mbili ndani ya jalada moja. Msomaji asiyejua historia hii anaweza kudhani mwandishi alikuwa na tabia ya kubadilika badilika.

Safu yake ya kwanza ya The Nation aliianza kwa kukiri kwamba anafanana na msomaji: ametazama sinema tangu utotoni, amezifikiria na kuzizungumza sana, ila hajui lolote la maana kuhusu namna zinavyotengenezwa. Hakuwa akijinyenyekeza ili asifiwe. Ndivyo alivyoandika miaka yote iliyofuata, akimwonyesha msomaji mahali alipoketi yeye mwenyewe. Mfano niupendao ni tahakiki yake ya National Velvet, filamu ya mwaka 1944 iliyomtangaza Elizabeth Taylor, wakati huo mtoto wa miaka 12. Agee alieleza kwamba msichana huyo amemrudisha kwenye mapenzi ya kitoto ya darasa la shule ya msingi, na kwa hiyo hana hakika kama anaweza kupima uigizaji wake kwa haki. Kisha akaendelea kumpima. Hii ni mbinu ya mtunzi wa hadithi. Msomaji anamjua anayesimulia, anajua udhaifu wake uko wapi, na kwa sababu hiyo anamwamini zaidi.

Alikuwa na kasoro, na wakosoaji wake hawakumwonea. Alipenda kusifu na kulaumu ndani ya sentensi moja, akageuka mara tatu kabla ya nukta, hata ungemaliza tahakiki bila kujua kama ukate tiketi au ubaki nyumbani. Lakini mwaka 1944 mshairi W. H. Auden aliwaandikia wahariri wa The Nation kwamba yeye si mpenzi wa filamu, wala hazitazami mara kwa mara, ila safu ya Agee anaihesabu kuwa jambo la pekee kuliko yote yanayotokea mara kwa mara katika uandishi wa habari wa Marekani. Barua hiyo baadaye iliwekwa mwanzoni mwa Agee on Film.

Kilichomgusa kwenye filamu kilikuwa uso wa mtu halisi. Ndiyo maana alizithamini sana filamu za kumbukumbu za vita, hasa ile mwongozaji John Huston aliyoipiga Italia kuhusu mapigano ya kijiji cha San Pietro, ambamo unawaona askari kabla ya vita na wanakijiji wakifukua nyumba zao baadaye. Hollywood ilipopiga filamu za vita zenye nyuso zilizopakwa poda, Agee aliziona kama tusi kwa waliokufa.

Halafu kuna kisa cha Chaplin. Mwaka 1947 Charlie Chaplin alitoa Monsieur Verdoux, filamu kuhusu karani wa benki aliyepoteza kazi na sasa anaoa wanawake wenye mali na kuwaua, ili alishe mke wake mgonjwa na mtoto. Kwenye mkutano na waandishi wa habari New York hakuna aliyejali filamu. Waliuliza siasa zake, na kwa nini hajachukua uraia wa Marekani. Agee alisimama, sauti ikimtetemeka kwa hasira, akauliza watu wanaojisifu kwa uhuru wanapataje ujasiri wa kumhukumu mtu kwa mambo yake mwenyewe. Kisha akarudi mezani na kuandika tahakiki ya sehemu tatu katika The Nation, matoleo matatu kwa filamu moja ambayo karibu kila mtu alikuwa ameshaitupa. Anamsoma Verdoux kama mtu wa kawaida wa zama za viwanda aliyeipasua nafsi yake vipande viwili, mkatili kazini na mpole nyumbani, na anaonyesha jinsi upole ule wa nyumbani unavyooza taratibu kwa sababu umefungiwa. Ndani ya tahakiki hiyo kuna riwaya kamili ya mtu mmoja. Kwangu hiyo ndiyo kilele cha kazi yake ya uhakiki.

Hakuishia hapo. Agosti 1945 Agee ndiye aliyeandika makala ya Time kuhusu bomu la atomiki, siku chache tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na woga wa siku zile haukumtoka. Alimwandikia Chaplin kisa cha filamu: bomu limeangamiza dunia, na yule mzururaji mwenye kofia na fimbo, mhusika maarufu wa Chaplin, ni miongoni mwa wachache waliosalia. Filamu haikupigwa. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 2005. Uandishi wa habari, uhakiki na utunzi viko kwenye karatasi zilezile, na sijui ni nani angeweza kuvitenganisha.

Mayai ndani ya suruali

Septemba 1949 jarida la Life lilichapa makala yake ndefu kuhusu wachekeshaji wa filamu zisizo na sauti: Chaplin, Buster Keaton, Harold Lloyd na Harry Langdon. Wakati huo filamu hizo zilikuwa zimeshasahauliwa, na Keaton alikuwa akiishi kwa vibarua vidogo vidogo vya Hollywood. Makala inaanza kwa kupanga vicheko kwa ngazi nne, kuanzia kile cha kubana mdomo, hadi ukelele, hadi kicheko cha tumboni, hadi kile kinachoua. Baadaye anachambua namna mchekeshaji hodari anavyowapandisha watazamaji ngazi hizo, akawashusha wapumue, akawapandisha tena. Heshima ya Keaton ilianza kufufuka baada ya makala hiyo.

Sasa fungua sura ya kwanza ya A Death in the Family. Baba anasema leo twende sinema. Mama anapinga, kwa sababu huyo Chaplin ni mtu wa ovyo. Baba na mtoto wake Rufus wanakwenda. Kwanza kuna William S. Hart, mwigizaji wa filamu za cowboy, na bastola zake mbili, kisha anaingia Charlie. Charlie ana mfuko wa mayai, anamwona polisi, anauficha ndani ya suruali upande wa makalio. Halafu anamwona mwanamke mrembo, anaanza mbwembwe, anasukumwa, anaketi. Ukumbi mzima unapasuka. Rufus anacheka, kisha anaingiwa na aibu kwa sababu anajua hali ya kuchafua suruali mbele za watu.

Kila kitu cha makala ya Life kiko hapa, kasoro hotuba. Ngazi za kicheko zipo, muda wa kusubiri upo, mwili unaomwaibisha mwenyewe upo. Ila mtunzi ameongeza kitu ambacho mhakiki hakuwa na nafasi nacho: mtoto anayetazama, na baba anayecheka kando yake. Baada ya sinema wanapita kwenye baa, baba anamweka Rufus juu ya kaunta na kuwatambia wanywaji kwamba mwanangu anajua kusoma. Wanakwenda kuketi juu ya mwamba kwenye kiwanja kitupu, hawasemezani sana. Usiku huohuo baba anaitwa aende kwa babu anayeumwa, na kwenye safari ya kurudi pini moja ndogo ya usukani inachomoka. Mwandishi aliyekuwa amejifunza, tahakiki baada ya tahakiki, kwamba kicheko kizuri kina uzito kwa sababu ya kinachokifuata, ndiye aliyejua sinema ya Chaplin iwekwe kabla ya kifo.

Skripti iliyoishia kwenye ziwa letu

Mwaka 1948 Agee aliacha meza zote mbili. Alikuwa amewahi kumsifu Huston kwa The Treasure of the Sierra Madre, na mwaka 1950 akaandika juu yake katika Life. Huston naye akamwita waandike pamoja skripti ya The African Queen, kutoka riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935.

Hapa msomaji wa Kigoma ana haki ya kuinua kichwa. Kisa kinatokea mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: mwanamke mmishonari na fundi wa mashua wanateremka mtoni kwenda kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Meli hiyo Forester aliitoa kwenye Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa njia ya nchi kavu kupitia Kongo, lakini hazikuizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakiondoka, baada ya kuzipaka injini grisi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtu wa mwambao wa ziwa analijua: Liemba.

Agee na Huston waliandika huko California. Januari 1951 Agee akapigwa na mshtuko wa moyo, na hakuja Afrika. Filamu ilipigwa Kongo ya Wabelgiji kwenye mto Ruiki, na Uganda kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba, Ziwa Albert. Skripti haikuwa na mwisho, na Huston aliumalizia na mwandishi Peter Viertel. Kwa hiyo ndoa ya chapuchapu juu ya meli na mlipuko wa mwisho si vya Agee. Riwaya yenyewe inaishia kwingine: mashua inazama kabla ya kufika, na meli inamalizwa na boti za Waingereza. Hata hivyo, Agee na Huston waliteuliwa kuwania Oscar ya skripti, na Humphrey Bogart akashinda ya uigizaji.

Lipo tukio moja mwanzoni linalonifanya nimwone Agee, hata kama waliliandika wawili. Fundi amealikwa chai na wamishonari. Tumbo lake linanguruma. Wenyeji wake wanajitia hawasikii, linanguruma tena, mpaka yeye mwenyewe anaanza kulisemea. Ni mayai ya Chaplin kwa sura nyingine.

Lakini filamu hiyo ina doa, na kwa msomaji wa huku si dogo. Waafrika ndani yake ni umati. Wanaimba vibaya kanisani, wanagombania kipande cha sigara, kijiji chao kinachomwa moto, basi. Hakuna anayepewa jina la kukumbuka. Mwandishi huyu huyu, katika kitabu cha Alabama, alikuwa ameandika jinsi alivyowakimbilia kwa nyuma vijana wawili weusi, mume na mke, ili awaulize habari za kanisa, akamtia yule mwanamke hofu, na jinsi aibu ya hofu ile ilivyomla. Alijua basi namna ya kumtazama mtu mweusi kama mtu. Kwenye skripti ya nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, jicho lile halikufanya kazi. Nani alaumiwe kati ya Forester, Huston, Agee na Hollywood yenyewe, wagawane.

Kesi ya skripti ya mwisho

Mwaka 1954 mwigizaji Charles Laughton, akiongoza filamu kwa mara ya kwanza, alimwajiri Agee kuandika The Night of the Hunter kutoka riwaya ya Davis Grubb. Filamu ilitoka mwaka 1955, Agee akiwa ameshafariki, na haikupata watazamaji. Leo iko kwenye orodha nyingi za filamu bora za Marekani. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Agee alikuwa mlevi kupindukia, alileta furushi lisilofaa, na Laughton akaandika yote upya. Mtayarishaji wa filamu, Paul Gregory, alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rasimu ya kwanza ya Agee ikapatikana, kurasa 293. Ni ndefu mno, hilo kweli. Lakini mtiririko wa matukio ya filamu umo mle. Laughton alikata na kukaza, kazi ambayo mwongozaji yeyote huifanya, na jina kwenye filamu akaliacha la Agee peke yake. Ulevi ulikuwepo, na tumbaku, na usiku usio na usingizi, ndivyo vilivyomuua. Ila hadithi ya kwamba hakuandika ilikuwa uongo, na iliishi miaka hamsini kwa sababu inapendeza masikioni: fundi wa maneno aliyeharibiwa na Hollywood.

Riwaya nayo ina kesi yake. Mhariri David McDowell alizikuta karatasi bila mpangilio ulio wazi. Akaweka mwanzoni kipande ambacho Agee alikichapisha mwaka 1938, Knoxville: Summer of 1915, ambacho mtunzi wa muziki Samuel Barber alikuwa ameshakitungia muziki, na sehemu za utoto wa mapema akazipachika katikati kwa herufi za mlazo. Mwaka 2007 profesa Michael Lofaro alitoa toleo lingine, lenye sura ambazo McDowell aliziacha, lililofuata mfuatano wa miaka, na kuanza kwa ndoto ya kutisha. Lofaro yuko karibu zaidi na karatasi. McDowell, kwa maoni yangu, alitoa kitabu kizuri zaidi, na namshukuru kwa ukurasa ule wa jioni za Knoxville, wababa wakimwagilia bustani kwa mipira ya maji. Anayesoma ajue tu kwamba mlango wa riwaya hiyo haukuwekwa pale na mwenye nyumba.

Kama uhakiki wa filamu ungekuwa unakula watunzi, ungemla pia Graham Greene. Mwingereza huyo alihakiki filamu katika The Spectator kuanzia 1935 mpaka 1940, na katika miaka hiyohiyo alitoa riwaya za Brighton Rock na The Power and the Glory. Aliamka, akatimiza idadi yake ya maneno, akaenda sinema. Agee hakuwa na nidhamu hiyo. Alikuwa na familia za kulisha kutoka ndoa zaidi ya moja, aliahidi kazi nyingi mno, na sentensi aliyoiandika jana leo ilimtia kichefuchefu. Bila Time angeandika nini? Huenda mashairi zaidi ya yale ya ujanani, ambayo ni mazuri na yamesimama kama sanamu. Riwaya yake fupi ya 1951, The Morning Watch, bado ina ugumu huo: mvulana kanisani alfajiri ya Ijumaa Kuu, kila wazo limepambwa mpaka linashindwa kutembea. Sura za Rufus na baba yake hazina mapambo. Sentensi zake ni fupi, macho yako kwenye kitendo, kama mtu aliyekaa miaka saba akitafuta namna ya kueleza katika aya moja jinsi mtu anavyoanguka.

Anayetaka kumsoma aanze na makala ya Life ya 1949, kisha atazame filamu fupi ya Keaton au Chaplin. Nyingi za miaka ya 1910 na 1920 zipo mtandaoni bure. Baada ya hapo asome sura ya kwanza ya A Death in the Family bila kusimama. The Night of the Hunter aitazame usiku, taa zimezimwa. Zile sehemu tatu kuhusu Verdoux zisomwe baada ya kuiona filamu yenyewe, kwa sababu Agee hasimulii kisa. Kitabu cha Alabama kina kurasa ambazo hata mimi huziruka, na kina ukurasa wa taa ya mafuta ambao sijausoma mfano wake popote. Tahakiki za Time ziwe za mwisho, na azisome akijua kwamba mhariri amepita.